Mke Wangu Amevuka Upande wa Pili

Jumatano, 1 Aprili

Masika yametuingilia leo bila kubisha hodi. Nilikuwa nachomelea lango la Everlyne mwenye duka la dawa, mara bati la karakana likaanza kupiga kelele na maji yakapita chini ya mlango. Dzoro, fundi mwenzangu, alinyanyua nyaya za umeme akachungulia nyuma. "Mtaro wa Mheshimiwa umeshajaa," akasema.

Mheshimiwa ni mke wangu. Mejumaa ni mwakilishi wa wadi yetu katika bunge la kaunti, huu mwaka wa nne, kwa tiketi ya Chama cha Kisima, ambacho ni cha upinzani. Mtaro ndio alioombea kura. Watu walijenga juu yake ukaziba, na kila masika unamwaga uchafu wake ndani ya nyumba zetu hapa Majengo. Kila mwaka Mejumaa anaupeleka bungeni, na kila mwaka Mheshimiwa Badawi, kiongozi wa upande wa serikali, anaufuta kwenye bajeti. Wapinzani, anasema, wangoje zamu yao.

Jioni nimemuuliza kama mwaka huu utapita. "Baba Mishi, kula kwanza, chakula kinapoa," akaniambia. Mishi ni binti yetu, yuko chuoni Voi. Nyumba bila yeye ina nafasi kubwa mno ya kunyamaza.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Umeme hakuna. Kazi hakuna.

Jumanne, 7 Aprili

Mzee Nicanor Awiti alifika karakanani na mkongojo wake. Alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na ingawa kwao ni Siaya, hakurudi. Ndiye mwenyekiti wa Kisima katika wadi. Wakati wa kampeni alimpitisha Mejumaa nyumba kwa nyumba akisema, "Huyu ni mwanangu, mpokeeni." Siku moja vijana wa upande wa pili walitutupia mawe, yeye akaanguka akavunjika nyonga. Mkongojo ulianza siku ile. Sijamsikia hata mara moja akilalamika.

Leo alikaa juu ya pipa langu, akakataa chai.

"Kiti," akaniita kwa jina langu, "nasikia maneno."

"Maneno gani, mzee?"

"Kwamba binti yetu anaonekana Mji wa Kale."

"Ana shangazi yake huko."

"Shangazi yake hakai nyumbani kwa Badawi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimeona kwa macho yangu.

Tulikuwa na kazi ya kufunga vyuma vya dirisha katika nyumba moja Mji wa Kale, ghorofa ya kwanza, kwenye kichochoro chembamba kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa nyumba ya jirani. Sikujua jirani ni nani. Nilikuwa juu ya ngazi, kinyago cha kuchomelea usoni. Nilipokifunua ili nifute jasho nikatazama chini. Mbele ya mlango wa pili kulikuwa na viatu vingi vya wanaume, na pembeni yake makubadhi mekundu ya kike. La kushoto lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi. Huo uzi niliutia mimi.

Nikajiambia makubadhi mekundu yako mengi Mombasa. Nikarudisha kinyago nikaendelea, lakini mshono wa chuma ukatoka mbaya hata Dzoro akauliza, "Leo vipi?"

Kisha mlango ukafunguliwa. Alitangulia Badawi, kanzu yake nyeupe pee, nyuma yake Mejumaa. Badawi akamwinamia kidogo na kusema kwa ile sauti yake ya kupaka mafuta, "Karibu nyumbani, dadangu. Ulichelewa tu."

Mejumaa akavaa makubadhi yake. Hakutazama juu. Ningeweza kumwita. Nilikuwa karibu naye hivi kwamba cheche ya kazi yangu ingeweza kumwangukia begani. Nikabaki na kinyago changu usoni mpaka alipokata kona.

Jioni nikamuuliza alishindaje.

"Kamatini," akasema. "Maneno matupu."

Jumamosi, 11 Aprili

Hajasema.

Jumapili, 12 Aprili

Hajasema. Nimetembea mpaka Mbaraki nikatazama meli ikishusha mizigo, nikarudi. Miguu haitaki kukaa.

Jumanne, 14 Aprili

Redio ndiyo iliyosema. Tulikuwa watu kadhaa karakanani, tumekimbia mvua. Mtangazaji akasema Mheshimiwa Mejumaa ametangaza kwamba kuanzia leo "atashirikiana na upande wa serikali kwa ajili ya maendeleo ya wadi yake." Halafu ikaja sauti yake. Sauti ninayoisikia kila alfajiri ikiniamsha, leo nimeisikia pamoja na kila mtu.

Ushirikiano ni neno la kuikwepa sheria. Akisema amehama chama, anapoteza kiti na kura zinarudiwa. Kwa hiyo jina linabaki la Kisima na kura yake bungeni inakwenda kwa Badawi. Wengi wamefanya hivyo kabla yake. Tulikuwa tukiwacheka.

Dzoro hakuweza kujizuia. "Basi Mheshimiwa ameuza kiti," akasema, "na Kiti mwenyewe hakupewa habari." Watu wakaangua kicheko. Hilo ndilo jina nililopewa na babangu, nifanyeje.

Nyumbani nilimkuta jikoni anakuna nazi.

"Nilikuona," nikamwambia. "Alhamisi. Nilikuwa juu ya ngazi."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Mbona hukuniita?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

"Ningekwambia ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo."

"Sasa basi!" Akasimama, machicha ya nazi yamemganda mikononi. "Nimeomba huo mtaro kwa adabu, nimeomba kwa ukali, nimeomba hata kwa machozi, na wewe ulikuwapo. Badawi anataka kura moja tu ya bajeti yake. Analeta tingatinga Jumatatu. Nikae niwe msafi, Baba Mishi, na watu waendelee kulala juu ya meza kila mvua ikinyesha?"

Lakini kilichoniuma si Badawi. Ni kwamba siku tano tulikula sahani moja, naye analijua jambo ambalo watu wote wangelijua kabla yangu.

Jumatano, 15 Aprili

Kuna aliyeandika MSALITI kwa mkaa kwenye mlango wetu. Nimelifuta kabla Mejumaa hajatoka. Mkaa ukisugua kwa maji unatapakaa, sasa mlango wote ni mweusi.

Alhamisi, 16 Aprili

Everlyne amesema lango lake halitaki tena.

Jumatatu, 20 Aprili

Tingatinga limekuja kweli. La manjano, kubwa, likajaza njia yote. Watu walitoka kulizomea. Likaanza kubomoa vile vibaraza vilivyojengwa juu ya mtaro, likachota uchafu wa miaka, magunia, godoro, hata kitanda cha chuma, na zomeazomea ikapungua. Kufika adhuhuri watu walikuwa wanamwelekeza dereva. Mama Auma, mke wa Mzee Nicanor, alisimama mlangoni kwake na leso kichwani akitazama maji meusi yanavyokimbia. Mtaro unapita nyuma ya nyumba yao kabisa.

"Shikamoo, Mama Auma," nikamwambia.

Akaitikia, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa ndani.

Ijumaa, 24 Aprili

Baada ya swala ya Ijumaa nilikutana na Mzee Nicanor barabarani. Nikampa mkono. Akaubadilisha mkongojo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kwa hiyo hakuwa na mkono wa kunipa.

Jumanne, 28 Aprili

Leo bajeti ya nyongeza imepigiwa kura. Mejumaa alinyanyua mkono upande wa Badawi. Amerudi nyumbani, hakula, amelala mapema.

Alhamisi, 30 Aprili

Tingatinga limeondoka. Dereva amesema ameitwa kazi nyingine. Mtaro umefika nusu, umeishia upande wa juu wa nyumba ya Dama muuza mahamri.

Jumapili, 3 Mei

Nimeshaosha tope mikononi, sasa nitaandika.

Mvua ilianza alfajiri na haikuwa mvua ya kawaida, ilikuwa kana kwamba mbingu imetoboka mahali pamoja, juu yetu. Saa tatu asubuhi nilikwenda karakanani kuokoa mashine. Nikaona ajabu. Sehemu ya juu, kwa akina Nicanor, ambako kila mwaka maji hufika magotini, palikuwa pakavu. Mtaro mpya ulikuwa unayabeba maji yote kwa kasi, unanguruma. Nilisimama nikafurahi. Nilifurahi kweli, nikasema moyoni, mke wangu, umewaweza.

Kisha nikasikia kelele kutoka chini.

Maji yaliyokuwa yakienea polepole kila mahali, sasa yalikuwa yamekusanywa yote na kutupwa sehemu moja, pale tingatinga lilipoachia kazi. Na pale ndipo alipo Dama. Ukuta wa nyuma wa nyumba yake, wa udongo na mawe, ulikuwa umelala. Mumewe, Chonga, alikuwa akifukua kwa mikono huku akipiga mayowe, "Yuko ndani! Alikuwa anakanda unga! Yuko ndani!"

Mimi na Dzoro tulirudi mbio tukachukua mitaimbo na ile jeki ya kuinulia magari. Sijui watu walitoka wapi, lakini walitoka. Waliokuwa hawanisalimii wiki hizi tatu walishika chuma kimoja na mimi. Tuliinua boriti iliyoanguka na ukuta, kidogo kidogo, mmoja anasukuma jiwe chini yake, mwingine anakinga maji kwa bati. Tulimsikia Dama kabla ya kumwona. Alikuwa akitaja jina la Mungu, polepole, kama mtu anayejihesabia.

Nilipogeuka kuomba jiwe jingine, aliyenipa alikuwa Mejumaa. Alikuwa amejaa tope mpaka kifuani, kichwa wazi, leso ameifunga kiunoni. Sikujua alifika saa ngapi. Alijipenyeza chini ya boriti mahali ambapo mwanamume hangepita, akakishika kichwa cha Dama, akawa anamwambia, "Nipo hapa, dadangu, nipo hapa, nitazame mimi." Nikamkemea atoke. Hakutoka. Mikono yangu ilikuwa juu ya jeki na jeki ilikuwa inateleza, na mke wangu yuko chini.

Tukamtoa Dama akiwa hai. Mguu wa kulia umevunjika vibaya, na mbavu. Walimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa mumewe mpaka barabara kuu, ndipo gari likapatikana.

Mejumaa alibaki ameketi kwenye tope. Chonga alipopita alimtazama, akasema bila hasira yoyote, "Mheshimiwa, mbona mliachia hapa?"

Ingekuwa afadhali angemtukana.

Jumatatu, 4 Mei

Amempigia Badawi simu asubuhi nzima, hapokei. Alasiri tukaenda sote wawili Mji wa Kale. Badawi alitukaribisha kwa kahawa na halua. Akasikitika sana. Akasema, "Bajeti imeshapita, dadangu. Mtaro utaingia awamu ya pili. Subira huvuta heri."

Mejumaa akaweka kikombe chini. Tukatembea mpaka tulipofika karibu na nyumbani. Kisha akasema, "Sikumwambia yeyote kwa sababu nilijua mtaniuliza maswali. Na kama mngeniuliza, ningemuuliza yeye. Ningemuuliza, mtaro unaishia wapi."

Jumamosi, 9 Mei

Ameitisha mkutano katika ukumbi wa shule. Nilimwambia watamzomea. Walimzomea. Alisimama mpaka wakachoka.

Mzee Nicanor akaomba nafasi. Ukumbi ukanyamaza, maana hata mkongojo wake watu wanauheshimu.

"Mwanangu," akaanza, nami nikaona Mejumaa akitikisika kwa neno hilo. "Wiki iliyopita maji hayakuingia kwangu. Mara ya kwanza tangu nijenge. Mke wangu alilala kitandani kwake, na mimi nikalala. Kwa hivyo sitasimama hapa niseme mtaro ni mbaya. Ningekuwa mwongo. Lakini kile kiti hakikuwa chako pekee. Ungekuja ukasema, wazee, nimekwama, nataka kuvuka, mwaonaje? Huenda ningekataa. Huenda Chonga angekubali. Lakini tungekuwa tumevuka pamoja au tumebaki pamoja. Wewe ulituacha usingizini ukaenda."

Alikaa. Hakuna aliyepiga makofi.

Mejumaa akamgeukia, akasema, "Ni kweli, baba. Basi nawarudishia. Jumatatu najiuzulu. Mtanipa tena au mtanipokonya, lakini mara hii nitawauliza."

Nilitazama mgongo wake kutoka kiti cha nyuma. Maneno yaleyale niliyokuwa nayo moyoni tangu Alhamisi ile ya ngazi, mzee aliyasema mbele ya watu, na kwa uzuri kuliko ambavyo ningeweza. Nilitaka kumkumbatia mke wangu na nilitaka kuondoka. Nikabaki nimeshika meza.

Jumatatu, 11 Mei

Amejiuzulu.

Jumatano, 27 Mei

Idd. Kila mwaka Mzee Nicanor na Mama Auma huja kula kwetu, nasi huenda kwao Krismasi. Mwaka huu tuliwangoja mpaka alasiri. Biriani yao tuliwapa majirani.

Jumatatu, 8 Juni

Kisima wamekataa kumpa Mejumaa tiketi ya uchaguzi mdogo. Chama cha Daraja, cha Badawi, kimempa tiketi, na tingatinga litarudi kabla ya uchaguzi. Kisima wamemsimamisha Mzee Nicanor. Ati hakutaka, wakamlazimisha, wakamwambia hakuna mwingine ambaye mtaa utamwamini.

"Unajua kwamba wanakutumia?" nikamuuliza Mejumaa.

"Najua. Nami nawatumia. Mtaro lazima umpite Dama."

Angalau ameniambia. Nimelala vizuri kuliko siku nyingi.

Alhamisi, 25 Juni

Mvua imekonda, upepo wa kusi umeanza kuwa baridi. Tingatinga limempita Dama na kufika kwenye mfereji mkuu. Mtaro umekwisha. Dama amerudi na magongo, amekaa kizingitini anautazama kama mtu anayetazama deni lililolipwa kwa kuchelewa.

Jumamosi, 18 Julai

Mkutano mkubwa wa Daraja uwanjani. Wakubwa wametoka Nairobi, magari meusi, ngoma, fulana za bure. Mejumaa alipewa karatasi ya kusoma. Alisoma kwamba mtaro ni matunda ya moyo mwema wa Mheshimiwa Badawi, ambaye kwa miaka yote hakuacha kuufikiria mtaa wetu.

Nilikuwa nimesimama na Dzoro karibu na spika. Hata Dzoro hakutia neno. Badawi ndiye aliyeufuta ule mtaro mwaka baada ya mwaka. Mejumaa ndiye aliyekuwa akirudi nyumbani akilia kwa ajili hiyo, na mimi ndiye niliyempa kitambaa. Sauti yake ilikuwa imenyooka kama rula, haina kupanda wala kushuka. Simjui mwanamke anayesoma vile.

Aliporudi nilimwambia. "Lazima uyasome?"

"Ni maneno tu, Baba Mishi. Mtaro umekwisha."

"Kama ni maneno tu, mbona hukunitazama ulipokuwa unayasoma?"

Akaingia kuoga.

Alhamisi, 30 Julai

Uchaguzi. Nilipanga foleni tangu asubuhi. Mbele yangu Everlyne, nyuma Chonga. Watu walinipa nafasi kwa heshima, wakijua ninampigia nani.

Ndani ya kile kijumba cha kadibodi nilikaa mpaka karani akakohoa. Picha zao mbili ziko moja juu ya nyingine. Mejumaa anatabasamu. Mzee Nicanor ametoa macho kama mtu aliyekamatwa. Nikatia alama.

Ijumaa, 31 Julai

Mzee Nicanor ameshinda. Si kwa kura nyingi. Wa mtaa wa chini, upande wa Dama na Chonga, walimpa Mejumaa. Wa mtaa wa juu, waliokuwa wa kwanza kukauka, wakampa mzee.

Asubuhi alikuja nyumbani bila wapambe, Mama Auma akimshika mkono. Mejumaa akamtolea kiti kizuri.

"Karibu, Mheshimiwa," akamwambia.

Mzee akakunja uso. "Neno hilo linaniwasha kama fulana ya sufu." Akanywa chai yake, yote. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi bungeni sijui mlango uko wapi. Kuna mambo ya shule, ya zahanati, na Badawi atanikatia kila kitu kama alivyokukatia wewe. Jumanne nakwenda kuapishwa. Utanisindikiza?"

Mejumaa akamtazama Mama Auma, naye Mama Auma akasema, "Nenda naye, mwanangu. Huyu akiachwa peke yake atawapigia kelele walinzi."

"Nitakwenda, baba," akasema.

Walipoondoka alianza kukusanya vikombe. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe.

"Mama Mishi," nikasema. "Mimi nilimpigia mzee."

Vikombe vikatulia mikononi mwake.

"Kwa sababu ya mtaro?"

"Mtaro ni wako, hakuna atakayekunyang'anya. Kwa sababu ya ile karatasi. Niliogopa ukishinda utaisoma tena, kila wiki, na mimi nitakuwa nakutafuta humu ndani nisikuone."

Nilidhani atavirusha vile vikombe, na ningevistahili. Macho yake yalijaa, yakamwagika, hakuyafuta.

"Imeniuma," akasema. "Imeniuma sana, nikuambie."

"Najua."

"Hujui." Akaenda jikoni. Nilimsikia akifungua maji, akiosha, akigonga vyombo kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Kisha maji yakafungwa. Akarudi mlangoni, anajipangusa mikono kwa leso.

"Ningekuwa mimi ningekuficha," akasema. "Sogea."

Nikasogea. Akaketi kando yangu kwenye mkeka, bega lake halijanigusa, lakini ameketi.